Jinsi ya kupanga historia ya dunia kwenye kamba, kutoka dola za kale hadi uhuru

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia binti wa jirani yangu hapa Igoma, Mwanza, kujiandaa na mtihani wa kidato cha nne. Dola alizijua kwa majina, ila kila moja ilikaa peke yake kichwani: Roma huku, Mali kule, Uchina mahali pengine kabisa. Kusoma sura moja moja hakuondoi tatizo hilo. Linaondoka ukiziona dola zote zimetundikwa pamoja. Programu za simu zipo, lakini sizipendekezi hata kidogo: kioo cha simu huonyesha kipande tu, na faida yote iko katika kuuona urefu mzima kwa mara moja.

Hatua ya 1: Kamba

Nunua kamba ya katani, mita 6. Usichukue ya nailoni. Huvutika ukiikaza na vipimo vyote vinahama. Ifunge ndani ya nyumba, maana upepo wa ziwani utaondoka na kadi. Pima kwa futi kamba: sentimita 1 ni miaka 10. Kutoka 3000 KK (kabla ya Kristo) hadi leo utapata mita 5 na sentimita chache.

Hatua ya 2: Kadi

Karatasi za manila, rangi moja kwa kila bara. Mwaka, tukio kwa maneno machache, kibanio cha nguo. Basi.

Hatua ya 3: Kuhesabu miaka

Hapa ndipo saa nyingi hupotea, kwa hiyo nenda taratibu.

Miaka ya KK huhesabiwa kurudi nyuma. Alexander Mkuu alifariki 323 KK na Uchina ikaunganishwa chini ya dola ya Qin 221 KK. Namba ndogo ndiyo iliyo karibu nasi, kwa hiyo Qin inakaa kulia kwa Alexander.

Hakuna mwaka sifuri. Baada ya 1 KK inakuja 1 BK (baada ya Kristo) moja kwa moja. Augustus alitawala Roma kuanzia 27 KK hadi 14 BK: jumlisha 27 na 14 upate 41, kisha toa 1, jibu ni miaka 40. Kwenye kamba mwaka mmoja ni milimita moja, hauonekani. Kwenye karatasi ya mtihani unaonekana sana.

Karne nazo: anguko la Konstantinopoli, 1453, liko karne ya 15, siyo ya 14. Kwa upande wa KK, karne ya 5 ni kuanzia 500 KK kushuka hadi 401 KK.

Kisha kalenda. Mwaka wa Hijria, yaani wa Kiislamu, una siku 354 au 355, kwa hiyo kuongeza 622, mwaka ambao Hijria inaanzia, peke yake hakutoshi. Zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, ndipo uongeze 622. Chukua Hijria 731: unapata 709, ukiongeza 622 ni 1331, mwaka ambao msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa. Ukijumlisha bila kuzidisha utapata 1353, wakati alikuwa Afrika Magharibi kwenye safari yake ya Mali! Jibu linaweza kupishana kwa mwaka mmoja, kwa sababu mwaka wa Hijria huangukia katika miaka miwili ya kwetu. Urusi nayo ilikuwa bado kwenye kalenda ya zamani mwaka 1917, ndiyo maana Mapinduzi ya Oktoba kwa kalenda yetu ni tarehe 7 Novemba.

Tarehe za kukadiria, kama Piramidi Kuu ya Giza, Misri, karibu 2560 KK, ziandike kwa penseli. Maka peni ni kwa miaka yenye uhakika tu.

Hatua ya 4: Weka ziwa

Watu wengi wa hapa huanza ziwa letu, Victoria, na mpelelezi Mwingereza Speke, aliyeliona akiwa Mwanza tarehe 3 Agosti 1858. Mimi nakataa. Upande wa Bukoba mafundi walikuwa wakiyeyusha chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Bana kadi hiyo kwanza. Utaiona imekaa jirani na Augustus.

Hatua ya 5: Soma kwa kukata wima

Simama sehemu moja ya kamba na uulize nani wengine walikuwepo. Mwaka 1324 Mansa Musa, mfalme wa Mali, anapita Cairo akielekea Makka. Miaka saba baadaye Ibn Battuta yuko Kilwa. Muda huohuo Wamongolia wanatawala Uchina. Hii ndiyo hatua inayomfanya mwanafunzi aandike insha yenye uhusiano, siyo orodha.

Hatua ya 6: Kamba ya pili

Miaka ya karibuni itabanana: kutoka mkutano wa Berlin wa 1884 hadi uhuru wa Tanganyika wa 1961 ni chini ya sentimita 8. Usibadilishe kipimo katikati ya kamba ileile. Funga nyingine chini yake, kuanzia 1500, sentimita 1 kwa mwaka 1. Hapo Majimaji ya 1905 hadi 1907 yanapata nafasi, na utaona kwamba Julai 1916 Waingereza waliutwaa mji wa Mwanza kutoka kwa Wajerumani, mwezi uleule mapigano ya Somme ya Vita Kuu ya Kwanza yalipoanza Ufaransa.

Kila Jumamosi ondoa kadi zote, zichanganye, funika miaka, mwambie mwanafunzi azirudishe. Iliyokosewa kwa zaidi ya sentimita 5 kwenye kamba ya kwanza isomwe upya pamoja na zile mbili za jirani yake.