Majani ya zambarau mbele ya baraza: kuyapanda na kuyaoanisha

Mimea ya zambarau inayotambaa ni rahisi kuotesha kuliko mchicha. Kazi ni kuifanya ibaki zambarau. Rangi ile hukolezwa na jua: Tradescantia pallida, ambayo ndiyo inayopandwa zaidi, isipopata jua la moja kwa moja kwa saa tano au sita kwa siku, majani mapya hutoka ya kijani yaliyofifia. Basi kabla ya kununua mche, kaa uwanjani siku moja uone jua linapiga wapi asubuhi, adhuhuri na alasiri.

Pallida ndiyo ya kutwa nzima ya jua. Majani yake ni marefu, zambarau iliyokolea bila milia, na maua yake ni madogo ya waridi yenye petali tatu. Asili yake ni Meksiko, upande wa Ghuba, na inavumilia ukame na kiasi fulani cha chumvi ya bahari, kwa hiyo hata Raskazone, kando ya bahari pale Tanga, inafaa. Kwenye kivuli chepesi cha minazi panda Tradescantia zebrina, yenye milia ya rangi ya fedha. Chini ya mwembe uliofunga kabisa usihangaike na hizo mbili. Tafuta Hemigraphis alternata, ambayo jani lake lina mng'ao wa bati juu na zambarau chini. Hiyo haitaki kukauka hata kidogo. Wauza miche wengi hawayajui majina haya, kwa hiyo waeleze jani lilivyo.

Tuseme una ukanda wa urefu wa mita 4 na upana wa nusu mita mbele ya baraza. Lima kina cha sentimita 20, ondoa mizizi ya ukoka yote (ukoka ukibaki ndani, utautoa kwa vidole mwaka mzima), kisha changanya ndoo mbili za lita 20 za samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza. Kichanga cha pwani hakishiki maji, na samadi ndiyo inayokisaidia. Pakiwa na udongo wa mfinyanzi unaotuamisha maji, inua tuta sentimita 15, maana mimea hii huoza shina haraka.

Huhitaji miche 32. Unahitaji pingili 32, na rafiki mwenye kichaka kimoja anakutosha. Kata kwa kisu kikali vipande vya sentimita 12 hadi 15, kila kimoja kiwe na vifundo (pale jani linapoungana na shina) vitatu au vinne. Ondoa majani ya chini, viache kivulini saa chache mpaka pale ulipokata pakauke, halafu vichomeke vifundo viwili vizame ardhini. Panda mistari miwili, sentimita 25 kati ya mche na mche. Mizizi hutoka kwenye vifundo, si popote kwenye shina. Kipande kisicho na kifundo ardhini kitaoza tu. Vaa glavu, kwani utomvu wake huwasha ngozi ya baadhi ya watu, na mbwa anayelalia majani hayo naye hujikuna.

Wakati mzuri ni mwanzo wa masika au wa vuli. Nje ya hapo mwagilia kila asubuhi kwa wiki mbili, kisha kila siku ya tatu au ya nne. Kama kisima chako kina maji ya chumvi, utaona kingo za majani zinakauka na kuwa kahawia. Tumia maji baridi ya bomba au ya mvua. Shina likifika sentimita 20, kata ncha ili litoe matawi. Usipofanya hivyo utapata mashina marefu yenye upara katikati na majani mwishoni. Yakishazeeka hivyo, kata yote yabaki sentimita 10, na hizo ncha uzipande mahali pengine.

Urea iache. Hukuza majani mengi, laini na ya kijani. Ukiona vitu vyeupe kama pamba kwenye maungio ya jani na shina, hao ni vidung'ata: kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji, nyunyizia jioni, rudia baada ya wiki. Kuku hawana dawa ila uzio. Mashina haya huvunjika yakikanyagwa, hivyo usiipande mahali watoto wanapopita.

Sasa kuoanisha. Zambarau ikikaa karibu na kijani kizito au krotoni nyekundu, kwa mbali huonekana kama shimo jeusi. Inataka kitu cheupe, cha kijivu au cha kijani mchanga. Shubiri yenye jani la kijivu ni mwenza bora juani, kwani zote mbili hazipendi maji mengi. Mchaichai nyuma yake, shina kwa shina sentimita 70, hurusha majani mepesi juu ya zambarau. Vinka nyeupe inafaa pia, na ukuta uliopakwa chokaa unafaa kuliko mmea wowote. Fanya zambarau iwe pindo la kanga, isiwe mji: theluthi ya bustani inatosha. Ile wedelia ya maua ya njano usiichanganye nayo, itaimeza.

Mabaki ya pingili yaanike juani mpaka yafe kabisa kabla ya kuyatupa. Kipande kimoja chenye kifundo kikidondoka kando ya kijito huota. Msitu wa Amani, kule Usambara Mashariki, palipoanzishwa kituo cha utafiti wa mimea mwaka 1902, mpaka leo unasumbuliwa na miti na vichaka vya kigeni vilivyotoka kwenye mashamba ya majaribio.