Kabla ya kutoka nje kusubiri mmeto wa setilaiti

Setilaiti haina taa. Tunachokiona ikimeta ni mwanga wa jua uliogonga paneli za sola au antena yake ukarudi chini, kama mtoto anapochezea kipande cha kioo uani: ukikaa penye mstari wake kinakupiga machoni, ukisogea kidogo huoni kitu. Kwa hiyo anza na mahali ulipo. Enzi za setilaiti za kwanza za mtandao wa simu wa Iridium, zilizoanza kurushwa 1997, mng'ao ulipita ardhini kama ukanda mwembamba. Aliyekuwa makumi ya kilomita pembeni aliona nukta hafifu, wakati mwenzake aliona nyota inayoishinda Zuhura. Siku hizi tunangojea zaidi Starlink, setilaiti za intaneti, na Kituo cha Kimataifa cha Anga.

Ukifungua Heavens-Above, tovuti ya ratiba za setilaiti zinazopita, bila kuweka eneo lako, inakuhesabia latitudo sifuri na longitudo sifuri, yaani baharini kwenye Ghuba ya Guinea. Weka latitudo na longitudo za uwanja wako, kisha urekebishe saa, maana Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele ya Greenwich. Niliwahi kuwaamsha wanangu saa nane usiku, tukakodoa macho mpaka shingo zikauma. Kumbe kituo kilikuwa kinapita saa kumi na moja alfajiri! Saa nane kilikuwa ndani ya kivuli cha Dunia, na humo hakuna cha kuakisi. Kituo kiko kama kilomita 400 tu juu, hivyo kwetu karibu na ikweta kitafute saa moja hadi saa mbili usiku, au alfajiri kabla hakujapambazuka. Ratiba iangalie siku hiyohiyo, kwa sababu njia yake hurekebishwa mara kwa mara.

Tandika mkeka mbali na taa, dakika 20 kabla, macho yazoee giza. Simu ipunguze mwanga. Urefu wa setilaiti juu ya upeo wa macho, ambao ratiba huutaja kwa nyuzi, upime kwa ngumi: mkono ukiunyoosha, ngumi moja ni takriban nyuzi 10. Darubini iache ndani.

Taa nyekundu na kijani, au zinazopepesa, ni ndege. Kimondo hakikupi hata nafasi ya kusema "kile pale". Mmeto huanza kama nukta inayotembea taratibu, huvimba mwanga kwa sekunde chache, kisha hufifia. Ukitaka picha, egemeza simu pasipotikisika na uache lenzi wazi sekunde 10 au zaidi. Utapata mstari mnene katikati, mwembamba ncha zote mbili. Andika saa na sekunde mmeto ulipowaka, ukalinganishe na ratiba ukirudi ndani.