Somo: Kuimba "Nun danket alle Gott" peke yako na piano

Wapendwa, "Nun danket alle Gott" ni wimbo wa Kanisa wa Kijerumani, maana yake "Sasa mshukuruni Mungu nyote". Tuni yake wengi mmeizoea kwa sauti nne. Leo tunaiandaa kwa mwimbaji mmoja na piano, kwa Kijerumani chake.

1. Anza na maneno. Ni ya Martin Rinckart, mchungaji wa mji wa Eilenburg, Saksonia, huko Ujerumani, wakati wa Vita vya Miaka Thelathini (vita vya Ulaya vya 1618 hadi 1648). Tauni ya 1637 ilipoupiga mji huo alizika watu zaidi ya 4,000, na mwaka huohuo akafiwa na mkewe. Shukrani hii aliiandika iwe sala ya mezani. Basi usiiingie kwa kishindo cha gwaride. Imba kama mtu aliyeketi na wanawe mbele ya chakula.

2. Matamshi. Sisi hupenda kumalizia neno kwa irabu, na hapo ndipo tunapoharibu. "Gott" iishe kwenye t kavu, isiwe "Gotti". "Mund" hutamkwa munt, "Herzen" ni hertsen, "Händen" ni henden. Soma ubeti mzima bila tuni mpaka ulimi ulegee.

3. Pumzi. Mstari wa kwanza kwa noti za sol-fa ni s s s l l s (soh soh soh lah lah soh). Ukiweza, usivute pumzi baada ya "Gott". Fika hadi "Händen", maana sentensi haijaisha. Mstari wa saba ndipo tuni inapopanda juu kuliko pote, kwa hiyo jaza kifua kabla yake.

4. Ubeti wa pili uimbe kwa sauti ya chini. Humo Rinckart anaomba moyo wa furaha na amani, na vita viliisha 1648 tu, mwaka mmoja kabla hajafa. Nikisikia ubeti huo unapigiwa kelele huwa naumia. Nguvu zote ziweke ubeti wa tatu, wa kumsifu Baba, Mwana na Roho.

MASWALI

Bwana Yesu asifiwe, mwalimu. Mpiga piano wangu anakanyaga pedali mwanzo hadi mwisho, maneno hayasikiki.
– Amina, dada. Hapa sauti za chini hubadilika karibu kila noti. Aachie pedali na kuikanyaga upya kila zinapobadilika, au asiitumie kabisa.

Mwalimu, mimi ni besi. Doh, yaani noti ya msingi ya wimbo, niiweke wapi?
– Kaka, vitabu vingi huweka Eb (E flati) au F. Wewe shuka hadi C, ila mwambie mpiga piano mapema, mkono wa kushoto usije ukazama mno.

Naweza kuimba Sikukuu ya Mavuno?
– Ndiyo, tena inafaa sana. Wasomee waumini tafsiri ya ubeti wa kwanza kabla hujaanza.