Propela ya Mashine ya Boti Inapozunguka bila Kusukuma
Mashine ikinguruma kwa nguvu huku boti ikijikokota, chanzo mara nyingi ni propela, si injini. Kabla ya kuigusa, zima mashine, weka gia huru na uchomoe waya wa plagi, kwa maana propela inaweza kugeuka ghafla na kukata vidole.

Katika mashine nyingi ndogo kuna pini laini inayoshikilia propela kwenye shafti (mhimili unaoizungusha), iliyowekwa makusudi ivunjike propela inapogonga mwamba, ili gia zisalimike. Ikiwa imekatika, weka ya aina ileile, na kamwe usitumie msumari wa chuma kigumu, ambao utahamishia pigo lote kwenye gia. Propela isiyo na pini hiyo kwa kawaida huwa na bushi ya mpira, yaani mpira uliobanwa kati ya kitovu cha ndani na cha nje: chora mstari mmoja unaovuka kitovu cha ndani na cha nje, endesha boti kidogo, na mstari ukiachana ujue mpira unateleza, kwa hiyo rudi nchi kavu kwa mwendo wa polepole.

Mshipi wa nailoni uliojisokota nyuma ya propela utolewe wote, kwani huharibu sili, yaani kizibo cha shafti kinachozuia maji kuingia kwenye gia. Oili ya gia ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameshaingia. Panga (bawa) la propela lililochubuka kidogo lisawazishe kwa tupa, lakini lenye ufa halifai tena. Unaporudisha propela, paka shafti grisi ya baharini na utumie kotapini mpya, yaani pini ya kuzuia nati isifunguke.