Winterberry Bila Dume Haizai: Mtego Ulionila Miaka Minne

Wenzangu mlioko huku New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, mliochoka kutazama ua wa kijivu tangu Novemba hadi Aprili, kuna kichaka cha asili ya huku huku kinaitwa winterberry. Hupukutisha majani yote, matawi yakabaki matupu yamejaa vitunda vyekundu juu ya theluji. Baridi haikitishi, huota chenyewe kwenye vinamasi tangu Nova Scotia hadi Minnesota. Lakini kabla hujatoa pesa, jua kwamba kuna dume na jike, na jike peke yake hazai.

Ni mambo ya mpapai yale yale. Nani kwetu asiyejua mpapai dume? Nami nilijua, ila nilipofika kitaluni hapa Lowell akili yote ilimezwa na wekundu. Nikanunua miche mitatu ya Winter Red, aina mojawapo ya winterberry jike, kila mmoja umesheheni vitunda. Mtego wenyewe ndio huo: vitunda unavyoviona dukani vilitungwa huko huko kitaluni, penye madume. Ukifika nao nyumbani, mwaka wa kwanza unafurahi. Mwaka wa pili, hakuna hata kimoja.

Nikatia mbolea, nikamwagilia, nikalaumu udongo. Nikarudi kwa muuzaji na risiti. Nikaambiwa dhamana ni ya mwaka mmoja, tena ni ya mche uliokufa. Wangu uko hai. Jina la kichaka lilikuwa kwenye lebo, na picha nzuri. Neno "jike" halikuwapo.

Aliyenifungua macho ni mzee jirani, Juni ya mwaka wa tatu. Alichuma ua dogo jeupe akaliweka kiganjani mwangu: katikati palikuwa na kidonge cha kijani. Hilo ni jike. Dume hana kidonge, ana vijiti vyenye unga wa manjano. Nilimshukuru, kisha nikamuuliza tangu lini alijua. Tangu nilipopanda. Huku mtu atakuona unapotea njia na atanyamaza, kwa kuwa kukusemesha ni kukuingilia. Wao huita heshima. Mimi sijaizoea, na sidhani kama nataka kuizoea. Waulizeni majirani nyinyi wenyewe. Wakiulizwa hueleza kwa moyo wote.

Mtego wa pili ulininasa wiki ile ile. Nilikimbilia dume la kwanza nililoliona, Jim Dandy. Hilo huchanua mapema. Winter Red huchelewa. Maua ya dume yalipokwisha, majike ndiyo kwanza yanafumbua. Mwaka mwingine ukaenda. Shikeni hivi: Jim Dandy ni wa Red Sprite, jike la aina nyingine, ambao ni mfupi na unafaa ua mdogo. Winter Red unataka dume liitwalo Southern Gentleman. Narudia, msinunue dume bila kuuliza linachanua pamoja na jike gani. Dume moja latosha majike matano, yakiwa ndani ya mita 15 hivi. Nyuki watafanya kazi iliyobaki.

Kupanda kwenyewe hakuna kazi: udongo wenye asidi na unyevunyevu, jua la kutosha. Piga simu 811 kabla ya kuchimba, waje kukuonyesha mabomba na nyaya zilizofukiwa, ni bure. Pogoa mwishoni mwa baridi.

Nanyi wageni wetu kutoka nyumbani, vitunda hivi si kunazi. Shangazi yangu alikwisha kujaza kiganja nilipomwahi. Ni chakula cha ndege. Mtu akila hutapika na kuharisha. Na mama, unayeniomba mbegu kila nikikupigia: kichaka hiki kinataka baridi ya kugandisha maji, na huko Malindi baridi hiyo haipo. Nitakutumia picha.

Kama umeshapanda majike matupu, usiyang'oe. Pima mita zako, mtafute dume wao, umpande hata nyuma ya gereji ambako hapendezi kumtazama. Wangu yuko huko, kando ya mapipa ya taka, na mwezi huu wa Januari madirisha yangu yote ya mbele ni mekundu.