Kujenga mtandao wa wabunifu wadogo Nyanda za Juu Kusini, kuanzia tatizo moja

Beringi ya mashine ya kukamulia mafuta ya parachichi ilikuwa inakufa kila baada ya wiki tatu. Mwenye mashine ni dada mmoja wa Njombe. Aliibuni mwenyewe akishirikiana na fundi wa mtaani, na kila beringi ikifa aliagiza nyingine Dar es Salaam akasubiri basi. Siku moja nilimsindikiza hadi Mbeya kwa mzee mmoja mwenye karakana, aliyezoea mashine za kukoboa mpunga. Mzee alizungusha shafti kwa mkono, akainama, akaitazama kwa jicho moja. Akasema beringi haina kosa, shafti ndiyo imepinda. Ilinyooshwa siku hiyohiyo.

Kabla ya hapo tulikuwa tumefanya semina mbili hotelini. Tulilipa nauli na posho, tukakubaliana kuanzisha mtandao, tukapiga picha ya pamoja. Miezi sita ikapita bila mtu kumpigia mwenzake simu. Safari ile ya Mbeya ilinionyesha kwamba mtandao wa wafanyabiashara hujengwa na matatizo yanayofikishwa kwa mtu anayeyaweza, moja baada ya jingine. Haya ndiyo tunayofanya tangu wakati huo, na unaweza kuyafanya katika kanda yako.

Hatua ya 1: Tembea na daftari

Chagua biashara 25 hadi 30 zinazotengeneza kitu kipya au zinazotengeneza kitu cha kawaida kwa njia mpya. Zifuate zilipo. Usipeleke fomu. Uliza swali moja: mara ya mwisho kazi yako ilisimama kwa sababu gani?

Ukiuliza "unahitaji nini", karibu wote watakujibu mtaji. Nimesikia jibu hilo kwa mtu ambaye shida yake ilikuwa lebo iliyokataliwa dukani, na kwa kijana wa Mbozi ambaye mashine yake ya kupukuchua mahindi ilikuwa inavunja punje. Fedha isingemsaidia yeyote kati yao kabla tatizo lenyewe halijajulikana. Andika maneno yao kama walivyoyasema.

Kisha uliza la pili: ulipokwama, ulimwendea nani? Majina utakayopewa ni dhahabu. Utakuta mafundi watatu au wanne wanatajwa na kila mtu, na wenyewe hawajui kwamba wanategemewa kiasi hicho.

Hatua ya 2: Kila tatizo lipate jina la mtu

Panga matatizo kwa aina: mashine, vifungashio, alama ya ubora, usajili, soko, fedha. Mbele ya kila aina andika jina la mtu na namba yake. Ukiandika jina la taasisi peke yake, umemwelekeza mwenzako kwenye geti la mlinzi.

Taasisi zetu si haba. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ipo tangu 1973 na ina ofisi mikoani. Mbeya kuna TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, kwa mambo ya mbegu na mazao, kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kuna ofisi ya kanda ya TBS, yaani Shirika la Viwango. Kaa na maofisa, waeleze unachofanya, na mtafute yule anayepokea simu. Andika wawili kwa kila ofisi, kwa sababu uhamisho haupigi hodi.

Hakikisha pia taarifa ni za leo. Mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula ulitoka iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, ukaenda TBS, na miaka kadhaa baadaye bado nilikutana na wasindikaji waliokuwa wakielekezana kwenye mlango wa zamani. Msindikaji mdogo aanzie SIDO, apate ushauri na barua ya utambulisho, ndipo aende TBS.

Hatua ya 3: Mshika daftari kila mkoa

Kanda hii ni pana. Kutoka Iringa hadi Mbeya mjini ni zaidi ya kilomita 300, na Rukwa na Ruvuma ziko mbali zaidi. Mratibu mmoja akikaa Mbeya, mtandao utakuwa wa Mbeya.

Mshika daftari mzuri ni mtu ambaye watu tayari wanapita kwake: mwenye duka la pembejeo, mwenye karakana, mama wa kiwanda kidogo ambacho kimesimama vizuri. Mlipie vocha na nauli, usimwachie mzigo kwa jina la kujitolea. Kazi yake ina masharti mawili. Tatizo likiletwa, ndani ya siku mbili mwenye tatizo awe amepewa jina la mtu. Baada ya wiki mbili ampigie tena na kuuliza: ilifanyika? Tatizo halifutwi mpaka mwenyewe aseme limekwisha. Sharti hili la pili ndilo linalosahaulika haraka, na ndilo ninalolisimamia kwa ukali.

Kundi la WhatsApp liwe la matangazo tu. Mtu hawezi kueleza mbele ya watu 200 kwamba bidhaa yake imeoza sokoni.

Washika daftari tunakutana Makambako kila baada ya miezi mitatu, kwa sababu hapo ndipo barabara ya Njombe na Songea inapoachana na ile ya Mbeya na Tunduma. Tunasoma madaftari, tunakula, tunaondoka na basi la mchana.

Hatua ya 4: Nunueni vifungashio pamoja

Ukiniuliza ni nini kilichofanya watu waanze kuuamini mtandao, nitakujibu chupa.

Mwenye asali anahitaji chupa 300, mwenye mafuta ya parachichi 400, mwenye jemu 200. Kila mmoja akienda peke yake ananunua kwa bei ya rejareja na kulipa usafiri wake. Wakiungana wanaongea na msambazaji kama mteja mkubwa. Inasikika rahisi, lakini ilitugharimu mafunzo.

Kubalianeni kwanza ukubwa wa mdomo wa chupa. Mdomo ukiwa mmoja, vifuniko vinaingiliana, na aliyeishiwa anaazima kwa mwenzake. Kila mtu alipe fedha yote kabla ya oda kutoka. Sisi tuliwaamini watu wawili walipe mzigo ukifika, na madeni yale karibu yatugombanishe. Zinazovunjika njiani zigawanywe kwa uwiano wa oda, na jambo hilo liandikwe mapema, maana mtu mwenye katoni iliyojaa vipande vya glasi hasikilizi hoja. Mzigo ushushwe mahali pamoja, uhesabiwe mbele ya watu watatu, ndipo ugawanywe.

Oda ya pili watu walinipigia wenyewe kuuliza lini. Tangu hapo wakaanza kuambiana mambo mengine: nani anakopesha mizani, duka gani linachelewesha malipo.

Hatua ya 5: Kabla ya Nanenane, pitieni BRELA

Kila Agosti vijana wetu wanabeba mashine zao hadi viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, wanaeleza kila nati kwa kila anayesimama. Nawapenda kwa moyo huo, lakini hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, hutolewa kwa kitu kipya, na kukionyesha hadharani kabla ya kupeleka maombi BRELA, wakala wa usajili wa biashara na hataza, kunaweza kukuharibia haki. Wiki kadhaa kabla ya maonyesho, mshika daftari aulize kila anayekwenda: umeshaongea na BRELA? Kwa wengi jibu litakuwa kusajili alama ya biashara tu, na hilo linatosha. Vivyo hivyo kwa wanaojiandaa na MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya ubunifu yaliyoanza 2019.

Hatua ya 6: Fedha, na mwisho kabisa usajili

Halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni fursa ya kweli kwa vikundi. Mbunifu anayefanya kazi peke yake asishawishiwe kuunda kikundi cha karatasi. Nimeona mashine ya mtu mmoja ikageuka ugomvi wa watu watano. Mpeleke SIDO akaulize NEDF, mfuko wao wa mikopo kwa wajasiriamali, au msaidie aandike mkataba ambao mteja analipa nusu kabla kazi haijaanza.

Sisi tulijisajili mwaka wa tatu, tulipokuwa na fedha za watu za kutunza. Kabla ya hapo michango ya oda ilikaa M-Koba, huduma ya simu ya kutunza fedha za kikundi, kila mmoja akiona kilichoingia na kilichotoka. Tulipofungua akaunti ya benki tuliweka watia saini watatu kutoka mikoa mitatu. Wa Njombe ni yule dada wa shafti.