Wanga wa sago: kuuivisha bakulini bila moto

Huko Papua na Maluku, mashariki mwa Indonesia, watu hupika papeda, uji mzito wa wanga wa sago, bila kubandika sufuria. Wanga uko bakulini, maji yanayochemka yanamiminwa juu yake, na punde kitu cheupe kama maziwa kinageuka gundi inayong'aa. Leo tujaribu wenyewe.

Wanga huu hutoka ndani ya shina la Metroxylon sagu, ndugu wa mnazi na mtende. Wenyeji huangusha mti, hutwanga moyo wa shina, huukamua kwa maji, kisha huacha maji yatuame.

Hatua ya 1. Tia kijiko cha unga kwenye glasi ya maji baridi, koroga, uache. Hauyeyuki, unazama. Chembe zake zina wastani wa maikromita (elfu moja ya milimita) 30 hivi, karibu mara mbili ya zile za muhogo.

Hatua ya 2. Koroga gramu 50 za unga katika mililita 100 za maji ya kawaida. Usiiruke. Maji ya moto yakikuta unga mkavu, nje ya donge huiva na kuziba, ndani unabaki unga mbichi. Waliowahi kula ugali wa mabuja wananielewa.

Hatua ya 3. Chemsha mililita 400 za maji, uyamimine yote kwa mpigo huku ukikoroga. Hapa ndipo wengi hukosea. Wanga wa sago huiva kwenye nyuzi 70 hivi za Selsiasi: chembe hunywa maji, huvimba, hupasuka. Maji ya nyuzi 100 mara nne ya yale ya nyuzi 25 hukupa kama nyuzi 85. Hata bakuli likinyonya joto kidogo, bado umevuka. Ukitia nusu kwa nusu utapata nyuzi 62 tu, na hapo hata ukoroge hadi magharibi, ni maji meupe.

Hatua ya 4. Acha ipoe. Takriban robo ya wanga huu ni amilosi, minyororo ya molekuli za sukari iliyonyooka ambayo ikipoa hushikana. Ndiyo maana sago hukaza kuliko muhogo, na kesho yake hutoa maji pembeni.

Hatua ya 5. Dondoshea iodini iliyozimuliwa: bluu nzito, ishara ya wanga. Iwe imepoa, kwani kwenye moto rangi hutoweka. Iliyotiwa iodini usile.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, naweza kutumia zile punje za sago za dukani?
Soma pakiti kwanza. Nyingi ni za muhogo. Huo nao ni wanga, lakini hatua ya 4 itakupa jibu jingine.

Nikitia ndimu je?
Papua hutia, papeda huwa nyeupe zaidi. Tia kidogo, mwishoni. Asidi ikichemka kwa muda mrefu pamoja na wanga hukata minyororo, uji ukawa mwepesi.

Mbona hatukamui wanga kwenye minazi yetu?
Mnazi huzaa mwaka hadi mwaka, chakula chake kinakwenda kwenye nazi. Msago huchanua mara moja tu kisha hufa, kwa hiyo hujiwekea akiba shinani kwa miaka. Ukikatwa kabla haujachanua, shina moja laweza kutoa kilo 150 hadi 300 za wanga mkavu.

Nina mti wa mapambo, muuzaji aliuita "sago". Nitwange?
Usitwange, ndugu yangu! Huo huenda ni wa jamii ya mtapo, si mnazi wala mtende, na una sumu inayoharibu ini.